Mdogo wangu haamini tena: nimjibu kwa njia gani?

"Shikamoo Mwalimu. Mdogo wangu wa kiume yuko mwaka wa tatu chuo kikuu, anasomea uhandisi. Likizo hii amerudi nyumbani Morogoro akatuambia haamini tena kwamba kuna Mungu. Anasema Biblia ilipangwa na Konstantino, mfalme wa Roma, kule Nikea, Ukristo ni dini ya wazungu, na ametuma habari za waumini waliofunga hadi kufa kule Shakahola, Kenya, kwenye grupu la familia. Mimi nafundisha shule ya Jumapili. Nimeangalia video nyingi za kutetea imani na nimeshika hoja kadhaa, lakini kila nikimjibu tunaishia kugombana. Nadhani chanzo ni kifo cha baba mwaka 2021, maana mchungaji alitabiri kwamba angepona. Mama analia, anataka mdogo wangu apelekwe kwenye maombezi. Tena anataka awe anaongoza sala ya chakula kwa kuwa ndiye mwanaume pekee aliyebaki nyumbani, naye hataki. Nitumie njia gani kumtetea Kristo mbele yake bila kumpoteza?"

Marahaba, dada yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili macho yangu yaligota kwenye maneno uliyoyapita haraka: grupu la familia. Hapo ndipo nitakapoanzia, kabla ya Konstantino na wenzake.

Wengi wetu Tanzania tulijifunza kutetea imani kwenye mihadhara. Waliokulia Dar, Tanga au hapo kwenu Morogoro miaka ya themanini na tisini wanaikumbuka: kiwanja cha wazi, spika mbili zinazokoroma, meza yenye Biblia na Kurani, na watu wazima wakipigana aya kwa aya mpaka magharibi. Mhadhiri wa namna ile hazungumzi na anayebishana naye. Anazungumza na umati uliosimama nyuma ya kamba. Ndiyo maana maneno yake ni mafupi na yanauma, na akimbana mwenzake mpaka akakosa la kusema, kazi imeisha. Hakuna aliyetegemea kuwa yule aliyebanwa atasema, "Kweli, umenifungua macho." Na video nyingi unazoziangalia ni mihadhara ile ile, ila imevaa suti.

Sasa umeichukua mbinu ya kiwanjani ukaileta sebuleni, nayo inatafuta umati. Kwenu umati ni mama, shangazi na mabinamu walio kwenye simu. Mdogo wako akikubali hata nukta moja pale, amekubali mbele ya ukoo mzima. Wewe ungekubali? Mtu akishasimama mbele za watu na kusema jambo, heshima yake imeshafungwa kwenye lile jambo, na kila unapomsukuma anajikita zaidi. Kwa hiyo leo hii acha kumjibu kwenye grupu. Mwandikie pembeni kwamba ungependa mzungumze wawili tu, na kwamba hutamsimulia mtu. Kisha usimsimulie mtu, hata mama.

Nadhani unaijua 1 Petro 3:15 kwa moyo. Tunaifundisha kama amri ya kuwa na majibu, lakini isome polepole: tuwe tayari "kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Awaulizaye. Mdogo wako amekuambia mambo mengi, lakini je, ameshakuuliza? Na neno la Kigiriki lililoko pale, apologia, ni la mahakamani. Ni maelezo ya mtu anayejitetea mbele ya hakimu. Nakuombea utulie hapo kidogo. Katika picha ya Petro, anayehojiwa ni wewe. Kwa unavyosimulia, umemkalisha mdogo wako kizimbani, ukawa mwendesha mashtaka na hakimu kwa pamoja.

Umeniuliza njia, na njia zipo. Waliosomea jambo hili hawakubaliani ipi ni bora, na video hazikuambii hivyo.

Kuna wanaoanzia mbali, kwenye falsafa: chenye mwanzo lazima kiwe na kilichokianzisha, ulimwengu una mwanzo, basi kuna aliyeuanzisha. Tomaso wa Akwino, mwanatheolojia Mkatoliki, aliandika njia zake tano za kumfikia Mungu kwa akili katika karne ya 13. Lakini hoja hii ya mwanzo wa ulimwengu, ambayo nina hakika ni moja ya zile ulizoshika, ilinolewa sana na Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111. Maana yake sheikh wa mtaani kwenu anaweza kuitoa neno kwa neno asipungukiwe kitu. Hilo linakuonyesha uwezo wake wa kubeba: ikifika, inakufikisha kwa Muumba, na Golgotha bado ni mbali. Mdogo wako akisema, "Sawa, labda kuna chanzo, ila kwa nini kiwe Yesu?" usidhani anakukwepa. Ameuliza swali linalofuata.

Wengine huanzia kwenye ushahidi wa historia. Hapa ndipo tulipo na mizizi, kwa sababu imani yetu inadai kwamba jambo fulani lilitokea mahali fulani, chini ya gavana mwenye jina. Paulo aliwaandikia Wakorintho karibu mwaka 55, miaka ishirini na kitu tu baada ya kusulubiwa, na katika sura ya 15 ya barua ya kwanza anasema anawapa alichokipokea yeye mwenyewe: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka, akaonekana na Kefa, yaani Petro, na Thenashara, na wengine zaidi ya 500 ambao wengi wao, anasema, wako hai. Kwa hiyo ufufuo haukubuniwa baada ya vizazi vitatu. Tacitus, mwanahistoria Mroma asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mwanzoni mwa karne ya pili kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato. Na hapa pia pima mzigo: historia inaonyesha kwamba Yesu aliuawa na kwamba watu wa karibu naye walishikilia kuwa wamemwona hai. Kutoka hapo hadi "basi alifufuka kweli" kuna hatua ambayo mtu huipiga akiwa ameshaamua ulimwengu wake unaruhusu nini. Mimi nimeipiga hatua hiyo, na naona nina sababu nzuri. Lakini sitamwambia mhandisi kwamba nimemthibitishia kama anavyothibitisha uzito wa daraja.

Kundi la tatu linasema hakuna uwanja wa katikati, na asiyeamini anaazima kwa Mungu hata akili anayobishia. Mwalimu wao mkubwa ni Cornelius Van Til, mzaliwa wa Uholanzi aliyefundisha Philadelphia kwa miaka mingi. Kuna kitu cha kweli hapo. Kila mtu huanza na jambo analoliamini bila kulithibitisha, hata kwamba akili yake haimdanganyi. Ila ikifika mezani kwenu itatoka hivi: "Wewe moyoni unajua Mungu yupo, unajifanya tu." Umemwita ndugu yako mwongo usoni. Iache.

Kwa maswali aliyoyaleta mdogo wako, ningeshika ile ya historia, kwa sababu moja tu: ameuliza mambo ya historia. Mtu akiuliza bei ya unga huanzi kumweleza mbolea.

Tuanze na Nikea. Mtaguso ule, yaani mkutano wa maaskofu, ulifanyika mwaka 325 na ni kweli Konstantino ndiye aliyeuitisha, kwa hiyo hapo yuko sahihi na umwambie hivyo. Kilichobishaniwa ni mafundisho ya Ario, kasisi wa Aleksandria, kuhusu kama Mwana ni Mungu sawasawa na Baba. Walizungumzia pia tarehe ya Pasaka na nidhamu ya makasisi. Kanuni 20 walizoziacha zipo na zinasomeka hadi leo. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo. Ireneo, askofu wa Lyon, alikuwa akitetea Injili nne, wala si zaidi, karibu mwaka 180, Konstantino akiwa hajazaliwa. Na orodha ya kwanza tuliyo nayo yenye vitabu 27 vile vile vya Agano Jipya iko kwenye barua ya Pasaka ya Athanasio, askofu wa Aleksandria, ya mwaka 367. Mwafrika, basi. Mitaguso iliyofuata kuipitisha orodha ile, Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397, ilifanyika katika nchi tunazoziita leo Algeria na Tunisia.

Ila ukimaliza hapo umemwambia nusu, na kijana mwenye intaneti ataipata nusu nyingine kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo mtangulie. Mwambie kwamba Waebrania, Yakobo, 2 Petro na Ufunuo vilibishaniwa kwa muda mrefu. Mwambie kwamba Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linahesabu vitabu 81. Mwambie kwamba aya za mwisho za Marko, kuanzia 16:9, na kisa cha mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8 havimo katika nakala mbili kongwe za Biblia nzima za karne ya nne. Najua unafundisha watoto kisa kile. Hata mimi nakipenda. Lakini akikisikia kwako kwanza, atajua kwamba dada yake hafichi. Akikisikia kwingine baada ya wewe kukaa kimya, atajiuliza umeficha mangapi mengine.

"Dini ya wazungu" ni neno gumu zaidi, na hapa ndipo wengi wetu tunajibu haraka mno. Tunamtaja towashi Mkushi wa Matendo 8, tunamtaja Mfalme Ezana wa Aksum, ufalme wa kale wa Ethiopia, aliyeweka msalaba kwenye sarafu zake katika karne ya nne, tunamtaja Agostino, askofu wa Hippo, tunadhani tumemaliza. Ni kweli yote. Lakini mdogo wako si Mwaksum. Kwetu Injili ililetwa na watu kama Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, na baada yake zikaja bendera. Huenda hata bibi yako alibatizwa akaambiwa jina lake la nyumbani halifai mbinguni. Kijana anayesema "dini ya wazungu" mara nyingi anazungumzia lile jina, wala hahitaji somo la Aksum. Mwambie kwamba kile kilikuwa kosa. Kanisa la Anglikana pale Mkunazini, Zanzibar, limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, soko lilipofungwa. Hiyo ni historia yetu. Na mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya kufundishia watumwa wa Karibi, ikiwa imeondolewa sehemu kubwa ya habari za Waisraeli kutoka Misri. Hiyo nayo ni historia yetu. Halafu mwulize jambo moja: kwa nini waliogopa kitabu kile kisomwe chote?

Unaweza pia kumwambia kwamba jambo haliwi uongo kwa sababu ya aliyelileta. Aljebra ina jina la Kiarabu na bado anaitumia kwenye mitihani yake. Uwe tayari tu, kwa sababu kisu hicho kina makali pande zote: nawe uliipata imani yako kwa kuzaliwa nyumba ile, na hilo peke yake haliifanyi kuwa kweli.

Kuhusu Shakahola nitakuomba jambo moja. Usiseme, "Wale hawakuwa Wakristo wa kweli." Mwaka 2023 katika msitu ule wa Kilifi ilifukuliwa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo, ya watu walioambiwa wafunge hadi kufa ili wamwone Yesu. Kabla yao kulikuwa na Kanungu, Uganda, Machi 2000, ambako waumini wa dhehebu moja waliteketea ndani ya kanisa lao. Waliimba nyimbo tunazoimba na walinukuu Biblia tunayoinukuu. Mdogo wako anauliza kama imani yetu ina breki. Ni swali la mhandisi, na ni swali zuri. Mjibu kwa kumwonyesha breki zilipo: kanisa linaloruhusu kiongozi kuulizwa, hesabu za sadaka zinazosomwa hadharani, mchungaji anayemwambia mgonjwa anywe dawa zake. Kama kanisani kwenu breki hizo hazipo, yeye ameona kitu ambacho wewe hujakiona.

Hapo tumefika kwa baba yenu. Poleni sana.

Nikusimulie. Nilipokuwa nafundisha chuo cha Biblia, mama mmoja aliniletea kijana wake, mwanafunzi wa udaktari. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimpa hoja ya mwanzo wa ulimwengu, nikampa ya maadili, nikampa ya ufufuo, dakika kama arobaini bila kituo. Alinisikiliza kwa adabu. Chai yake ya maziwa ilikaa mbele yake mpaka ikashika utando, akawa anausukuma kwa kijiko kwenda ukingoni mwa kikombe na kuurudisha. Nilipomaliza akasema, "Asante, Mwalimu. Mimi nilitaka kukuuliza kwa nini kanisa lilikataa kumzika mwenzangu wa bwenini. Alijinyonga."

Baada ya siku ile nikawa mtu wa kutafuta majeraha. Kila asiyeamini aliyekuja kwangu nilimtazama kwa huruma, nikimchokonoa taratibu ili aniambie nani alimwumiza. Mpaka mwalimu mmoja wa fizikia, mtu mzima kunizidi, aliponikatiza: "Mwalimu, mimi sina kidonda. Nina sababu. Unaweza kuzisikiliza?" Niliona aibu, kwa sababu nilikuwa nimemfanya mgonjwa ili nisilazimike kumjibu.

Kwa hiyo unaponiambia chanzo ni kifo cha baba, nasema inawezekana, nawe unamjua mdogo wako kuliko mimi. Lakini usimwambie hivyo. Ukimwambia, kila sababu atakayoitoa umeshaifuta kabla hajaisema. Chukulia sababu zake kuwa ni sababu. Kama baba yumo ndani yake, atamtaja mwenyewe siku akijua kwamba hutamgeuza mfano wa mahubiri.

Siku hiyo ikifika, usimpe falsafa. Ipo nzuri: Alvin Plantinga, mwanafalsafa wa Marekani, alionyesha katika miaka ya sabini kwamba kuwepo kwa uovu na kuwepo kwa Mungu mwema mwenye nguvu zote hakupingani kimantiki kama Mungu aliwapa viumbe uhuru wa kweli. Inafaa darasani. Haisemi neno hata moja kuhusu kwa nini baba yenu alikufa, na haikutungwa kwa ajili hiyo. Unachoweza kusema ni kifupi zaidi: "Mchungaji alikosea." Najua ni mchungaji wako. Lakini alitamka jambo kwa jina la Mungu na halikuwa, na nyumba yenu haijawahi kulisema kwa sauti. Wanaotabiri hivyo hupenda Zaburi 118:17, "Sitakufa bali nitaishi." Isomeni wote wawili kutoka mwanzo. Ni wimbo wa shukrani wa mtu aliyekwisha kuvuka hatari. Haikuandikwa iwe hati ya dhamana ya kumsomea mgonjwa. Mdogo wako akisikia dada yake, mwalimu wa shule ya Jumapili, anakiri hilo, huenda lisimrudishe kanisani. Lakini mtakuwa mmesimama upande mmoja wa kaburi la baba.

Na ujue mapema utegemee nini. Paulo alipohutubia Athene katika Matendo 17, baada ya kuzunguka mji, kuangalia madhabahu zao na kunukuu washairi wao wenyewe, matokeo yalikuwa ya aina tatu: wengine walidhihaki, wengine wakasema watamsikiliza tena, wachache wakaamini, wakiwemo Dionisio na Damari. Huyo ni Paulo. Wewe ukipata "tutaongea tena," umefanya vizuri sana.

Kuhusu kumpeleka kwenye maombezi kwa nguvu, simama imara umkatalie mama kwa heshima. Kutoamini si pepo. Kijana anayeshikwa kichwa na watu watano wakimkemea atatoka pale akiwa na sababu moja zaidi, na hiyo hutaweza kuijibu. Mama amwombee nyumbani, hilo hakuna wa kumzuia. Vivyo hivyo akitokea mjomba wa kutishia kukata ada mpaka atubu, mwambieni imani inayonunuliwa kwa ada ya muhula haina faida kwa Mungu wala kwa mjomba.

Lakini kuna mambo ambayo barua yangu haiyawezi. Ukiona halali, hali, amejifungia, ameacha masomo au anazungumza kana kwamba kuishi hakuna maana, acha mjadala wa Mungu kabisa na umpeleke hospitali akaonane na daktari au mshauri nasaha, siku hiyo hiyo. Huzuni ya msiba inaweza kukaa kimya miaka kadhaa ndipo ianguke. Na kama maswali yake yanazidi uwezo wako, usibuni majibu. Sema "sijui, nitauliza," kisha uulize kweli. Chuo chake huenda kina kasisi wa wanafunzi, na walimu wa theolojia wa mahali kama Makumira, kule Usa River, wamezoea maswali haya na hawashtuki. Mwende pamoja kama akipenda. Nawe mwenyewe tafuta mtu wa kuzungumza naye. Barua yako imejaa mdogo wako na mama. Wewe pia ulifiwa na baba, ulisikia utabiri ule ule, na hujaandika hata mstari mmoja kuhusu hilo.

Imebaki sala ya chakula. Usimlazimishe. Kumtaka asiyeamini aongoze sala ni kumtaka aigize mbele ya Mungu na mbele ya mama yake, na yeye amekataa kuigiza, jambo ambalo mimi naliheshimu. Ongoza wewe, iwe fupi, wala usimwingize kwa mafumbo ndani ya sala. Yeye mpe kazi ya kunawisha watu mikono.